Kitufe cha End kimekufa? Hamishia kazi yake kwingine kwenye VS Code

Wa pwani wenzangu mtanielewa. Laptopu yangu inakaa mezani karibu na dirisha, huku Raskazone, Tanga, upepo wa chumvi unaingia kutwa nzima, mwaka haujaisha kitufe cha End kikagoma na Home, kile cha kurudi mwanzo wa mstari, nacho kikaanza kusuasua. Nikaipeleka kwa fundi Ngamiani akasema kibodi nzima ing'olewe, bei aliyonitajia nikaaga nikaondoka zangu. Sasa kuandika programu bila End ni mateso jamani, kila dakika unataka kufika mwisho wa mstari uweke semikoloni.

Dawa yake hii. Fungua VS Code, ile programu ya kuandikia kodi, shika Ctrl bonyeza K, usiachie Ctrl, bonyeza S. Itafunguka orodha ndefu ya shotikati zote, yaani vitufe vya mkato. Pale juu pa kutafutia andika cursorEnd, ndo jina la komandi ya kupeleka kishale mwisho wa mstari. Bonyeza mara mbili kwenye mstari wake, kitatokea kidirisha, piga vitufe unavyovitaka wewe halafu Enter. Ukighairi, Esc.

Hapo ndo nilipojikwaa. Mara ya kwanza niliweka Ctrl+B, nikaona imekaa vizuri mkononi, kesho yake nabonyeza nifungue ule upau wa pembeni wenye mafaili haufunguki, nikahangaika weee nikataka hadi kufuta programu niiweke upya, kumbe Ctrl+B ndo ya upau huo tangu kiwandani na shotikati uliyoweka mwenyewe inaishinda ya kiwandani. Na kile kidirisha kilinionya kabisa kwamba vitufe hivyo vina kazi nyingine, mimi haraka zangu nishapiga Enter. Ukifanya kama mimi usipaniki, bonyeza kulia kwenye mstari ule chagua kurudisha ya mwanzo, basi.

Nikaishia Alt+J. Ila Shift+Alt+J haikuteua maandishi kama Shift+End ilivyokuwa inafanya, maana kuteua ni komandi ya peke yake, cursorEndSelect, nayo lazima uipe vitufe vyake. Home hivyo hivyo, cursorHome na cursorHomeSelect.

Kama we ni mtu wa kuandika kuliko kubofya, juu kulia kwenye ukurasa ule ule kuna ikoni ya faili, itakufungulia keybindings.json, faili linalotunza shotikati zako, unaweka hivi ndani ya mabano ya mraba:

{ "key": "alt+j", "command": "cursorEnd", "when": "textInputFocus" },
{ "key": "shift+alt+j", "command": "cursorEndSelect", "when": "textInputFocus" }

Ile when inasema shotikati ifanye kazi pale tu kishale kipo sehemu ya kuandikia. Usisahau koma kati ya moja na nyingine. Na ukitaka kuizima ya kiwandani, weka alama ya kutoa mbele ya jina la komandi, mfano "-cursorEnd".

Faili hilo kwenye Windows liko AppData, Roaming, Code, User. Kwenye Linux ni ~/.config/Code/User. Mimi nimelikopi kwenye flashi, nikienda Pangani kwa shemeji naliweka kwenye mashine yake vidole visipotee. Ila brauza na Word hazijui habari hizi, huko End yangu bado marehemu, nachomeka kibodi ya USB.