Kabla Hujamwachia Mtoto Rimoti: Namna Ninavyopima Tamthilia ya Uhalifu

Miaka tisa nilikaa mlangoni mwa banda la video huku Kisauni, Mombasa. Mabenchi ya mbao, televisheni moja kubwa, spika mbili, kiingilio shilingi kumi mtoto na ishirini mtu mzima. Kupokea pesa ndiyo iliyokuwa sehemu rahisi ya kazi. Sehemu ngumu ilikuwa kumtazama kijana usoni, ameshika kumi yake mkononi, na kumwambia, "Hii si yako. Njoo kesho, kuna katuni." Banda lilishafungwa, kila nyumba ina king'amuzi na kila mkono una simu, lakini wazazi wa mtaani bado hunipigia: "Kaka, ile ya wapelelezi ya saa tatu, watoto wanaweza kuitazama?" Siku hizi sijibu ndiyo wala la. Namweleza aliyeuliza namna ya kuipima mwenyewe, kama ninavyokueleza wewe hapa.

Kosa langu la miaka mingi nilitaje mapema: nilikuwa nahesabu damu. Damu nyingi, toka. Damu kidogo, ingia. Utaona kwenye hatua ya nne lilivyoniumbua.

Hatua ya 1: Soma alama, halafu uliza imewekwa kwa sababu gani

Kenya, kazi ya kuzipa filamu alama za umri ni ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222. Alama zake ni nne. GE ni ya watu wote. PG, mtoto atazame akiwa na mzazi. 16 na 18 zinajieleza. Tamthilia za uhalifu nyingi utazikuta kwenye PG au 16, na ugomvi wote wa nyumbani uko hapo katikati.

Kwenye programu za kulipia utakutana na alama za kigeni pia. TV-14 ya Marekani inamwonya mzazi mwenye mtoto wa chini ya miaka 14, na TV-MA ni ya watu wazima. Pamoja nazo huwa kuna herufi ndogo ambazo watu huzipita bila kuziona: V ni ukatili, L lugha chafu, S ngono, D mazungumzo ya kudokeza ngono. Mimi huzitazama herufi kabla ya namba. Kuna tamthilia imepewa TV-MA kwa sababu askari wanatukana kila wakifungua kinywa, wala hapigwi mtu kofi. Kuna nyingine ni TV-14, V peke yake, na ndani yake mama anatekwa mbele ya wanawe. Mtoto wa miaka kumi na tano nitampa hiyo ya matusi. Mke wangu hakubaliani nami hata kidogo, na kwake matusi hayaingii sebuleni, basi. Kila nyumba ina mpaka wake. La muhimu ujue unakataa nini.

Ukiwa na bando, fungua IMDb, tovuti ya habari za filamu, utafute jina la tamthilia. Kuna sehemu ya wazazi ambapo watazamaji wameandika tukio kwa tukio: nani kachomwa kisu, kwa muda gani, kunaonekana nini. Kwa za kigeni inasaidia sana. Za kwetu mara nyingi utakuta patupu, kwa hiyo itabidi macho yako yafanye kazi.

Hatua ya 2: Usiegemee saa

Kanuni za utangazaji nchini zinazitaka stesheni ziweke kando mambo ya watu wazima kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku. Ni kinga nzuri kwa televisheni ya kawaida. Klipu ya dakika mbili iliyotumwa kwa simu haina saa, na mara nyingi walioikata wamechagua hapo hapo penye kisu.

Hatua ya 3: Tazama vipindi vitatu, na kimoja ukipe kisogo

Wazazi wengi hutazama kipindi cha kwanza, wakaridhika. Kipindi cha kwanza kimetengenezwa kukunasa wewe, kwa hiyo kina adabu zake. Tazama cha kwanza, kimoja cha katikati ya msimu, na cha mwisho. Cha katikati ndicho kitakachokuonyesha mazoea ya tamthilia, yaani inafanya nini wiki isiyo na jambo kubwa. Cha mwisho kitakuonyesha inaweza kufika wapi. Nimeshaona msimu ulioanza na wizi wa ng'ombe ukaishia na mtoto ndani ya kisima.

Huna muda? Tazama dakika tano za kwanza za vipindi vitano tofauti. Tamthilia za aina hii hupenda kufungua na uhalifu wenyewe kabla hata jina halijatokea, ili usibadilishe stesheni. Mtoto anayepita kwenda kunywa maji jikoni, hapo ndipo anapokutana nayo.

Halafu kipindi kimoja usikitazame. Keti kwa kisogo, au nenda chumba cha pili ukasikilize tu. Nyumba zetu nyingi hazina mlango kati ya sebule na chumba cha kulala, kuna pazia. Unaosema "walilala wale" hawakulala. Wanasikia nyayo, mlango unaokwaruza, mwanamke anayepiga kelele halafu kimya. Picha ukiiona ina mwisho wake kwenye kioo, lakini sauti bila picha mtoto huijaza mwenyewe, na yeye hujaza kuliko mtengenezaji yeyote.

Na hakikisha unapima toleo lile lile watakaloliona. Zile za kutafsiriwa na ma-DJ ni kitu kingine kabisa. Mtu anauawa, DJ anamtania marehemu, banda zima linacheka. Nimeona DJ akiifanya tamthilia iwe nyepesi, na nimeona akiitia uchafu usiokuwamo.

Hatua ya 4: Pima umbali

Hapa ndipo nilipojifunza kazi.

Kuna wakati nilikuwa naonyesha msururu wa kigeni wa madaktari wa maiti. Kila usiku kifua kimepasuliwa, ini kwenye mizani. Watoto nikawafukuza, wakaenda kuchungulia kwenye tundu la mabati. Nilipowashika walikuwa wanacheka: "Ile plastiki, mjomba! Tumeona!" Wakarudi kucheza mpira. Hakuna aliyeota ndoto mbaya.

Mwaka ule ule nikaweka tamthilia ya hapa nyumbani. PG, bila tone la damu, na watoto nikawaingiza kwa roho safi. Msichana anatoka shuleni, anapanda tuktuk. Dereva anamjua jina, anamwamkia vizuri, anamuuliza hali ya mama. Tuktuk inapinda kona isiyo yake. Kamera inabaki barabarani, na unachoona ni kandambili moja. Kipindi kinakwisha.

Mpwa wangu wa miaka tisa alikuwa benchi la mbele. Kuanzia kesho yake akawa anakwenda chuoni, yaani madrasa, kwa miguu kutoka Bakarani, jua la saa nane, anafika kanzu imeloa jasho. Dada yangu akadhani anabana nauli anunue mabuyu, akamgombeza. Siku ya sita ndipo mtoto alipotoa: "Mama, yule dereva ananijua jina."

Tangu hapo huuliza maswali matatu. Mahali pa tukio panafanana na anapokaa mtoto? Anayedhuriwa ni rika lake? Na mhalifu ni mtu ambaye mtoto ameambiwa amwamini: mwalimu, mjomba, dereva, jirani? Yakipatikana mawili kati ya matatu, mtoto wa chini ya miaka kumi na miwili hatazami, hata alama ikiwa PG. Yote matatu, hata wa kumi na minne nitakaa naye. Maiti ya mzee tajiri kwenye jumba la kifahari Uingereza, mafumbo ya nani katia sumu kwenye chai, hiyo ni mbali. Mtoto wa miaka kumi anaitazama kama kitendawili.

Mombasa umbali una hesabu zake. Aliyeiwekea alama tamthilia ya vijana wenye mapanga, akiwa nchi nyingine, huenda aliona mchezo wa kuigiza. Mtoto wa Kisauni au Likoni ameshawahi kusikia mlango wa jirani ukifungwa kwa haraka jioni, akaambiwa aingie ndani. Sindano ya unga nayo, kwa nyumba ambayo ami yake amekuwa teja na huja kuomba chai mlangoni, haiwezi kuwa hadithi. Bodi haimjui ami yake. Wewe unamjua.

Hatua ya 5: Uliza marehemu anaitwa nani

Kipindi kikiisha, jiulize jina la aliyeuawa. Ukikumbuka la muuaji, na gari lake, na miwani yake, na la marehemu hulikumbuki, umeshaijua tamthilia hiyo inampenda nani. Ile inayonifaa ina mama wa marehemu, ina watu wamekaa matangani, ina mtu anayeona uchungu. Kwa kijana wa kiume wa miaka kumi na tatu hili nalitilia mkazo kuliko risasi. Risasi amezizoea. Anachotafuta ni nani wa kumwiga.

Watazame na askari. Tamthilia nyingi humpa mpelelezi shujaa ruhusa ya kumzaba mshukiwa makofi, na mshukiwa anataja ukweli papo hapo. Na jambo linalonichekesha na kuniudhi pamoja: watoto wa mtaa wetu wanayajua kwa moyo maneno ya askari wa Marekani, una haki ya kunyamaza, lakini hawajui kwamba Kifungu cha 49 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa aliyekamatwa haki hiyo hiyo, na kinataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata. Sikatazi tamthilia kwa kosa hili. Kwa wa miaka kumi na minne kwenda juu naifanya mchezo: hesabu mara ngapi askari kavunja sheria. Wanaishia kubishana mpaka chakula kinapoa.

Hatua ya 6: Je, inaonyesha njia?

Kufungua kufuli kwa waya, sitishiki, mara nyingi ni uongo mtupu. Ninachokataa bila mjadala ni kipindi kinachoonyesha hatua kwa hatua mtu akijiua, au kijana anavyotumia dawa na kujisikia vizuri. Hapo sitazami umri.

Hatua ya 7: Tia kufuli, lakini usijidanganye

Ving'amuzi vingi vina namba ya siri ya mzazi. Netflix unaweza kumtengenezea mtoto ukumbi wake (profile), ukaweka kiwango cha umri, ukazuia tamthilia moja kwa jina lake, na ukumbi wako ukaufunga kwa namba nne. Zima pia ile tabia ya kipindi kinachofuata kuanza chenyewe, maana ndiyo inayomfikisha mtoto kwenye cha mwisho wewe uko msikitini.

Usiweke mwaka wako wa kuzaliwa. Na futa rimoti. Mwanangu wa kati aliipata namba yangu kwa kuangalia vitufe vilivyo na mafuta ya viazi karai.

Hatua ya 8: Jua namna ya kuzima

Umekosea, umeiruhusu, na sasa unaona macho ya mtoto yamebadilika. Wengi hurukia rimoti na kuzima pale pale penye hofu. Ukizima hapo, muuaji anabaki nyuma ya mlango usiku kucha. Mpeleke mbele mpaka mtu aokoke au mhalifu akamatwe, au msimulie mwisho kwa maneno yako. Ndiyo maana nilisema utazame kwanza.

Mimi mwenyewe niliwahi kuliruka hilo. Watoto watatu mkekani, kipindi sijakitazama, msichana amejificha kabatini na vitasa vinazunguka, na stima ikapotea. Mtaa mzima kiza. Mdogo akanishika shati, hakulia, akauliza tu, "Alimpata?" Nikawasha tochi ya simu, nikaanza kubuni: nyanya yake anatoka jikoni na sufuria ya uji wa moto, jambazi anakimbia bila viatu, mbwa wa jirani anamaliza kazi. Wakalala.

Stima ikarudi kesho yake adhuhuri, wakataka kuona. Nikaketi nao. Mwisho wenyewe ulikuwa ni askari kaingia, kafyatua risasi, kaondoka. Mdogo akageuka akaniangalia: "Nyanya yuko wapi?"