Randa ya zamani: wapi pa kusugua, wapi pa kuacha

Randa kuukuu ya chuma, iwe ya kiwanda cha Stanley au cha Record, ikiingia karakana mara nyingi hukimbizwa kwenye grainda. Inatoka inang'aa, na kazi haifanyi: uso wa chini umeliwa kwa mawimbi, maandishi ubavuni yamefutika. Haikuhitaji hivyo. Randa hukata kwa sehemu chache tu, nazo ni ncha ya kisu, chuma cha mshazari ambacho kisu kinalalia, na mistari mitatu ya uso wa chini. Hapo usiwe na huruma. Ubavu uliogeuka kahawia, rangi iliyobanduka na mpini uliolainishwa na viganja vya mafundi waliotangulia haviizuii randa kukata. Viache.

Anza na nyufa, maana randa iliyopasuka haifai kupotezewa jumapili. Mwili wake ni chuma cha kusubu, hakipindi kirahisi, kikianguka kwenye sakafu ya saruji hupasuka. Futa uchafu kwenye pembe za mdomo, yaani upenyo ambapo kisu kinatokea, na mahali ubavu unapoungana na uso wa chini, paka mafuta ya taa, kausha kwa kitambaa, halafu subiri dakika chache. Penye ufa mafuta huchuruzika tena na kuchora mstari. Ufa mfupi kwenye pembe ya mdomo unaweza kuvumilika. Unaopanda ubavuni unaifanya randa kuwa ya vipuri.

Kufungua skrubu kunataka subira. Zitie mafuta ya taa usiku kucha, kisha tumia bisibisi inayojaza mfuo wote wa kichwa. Ikiwa nyembamba itachuna kichwa, na skrubu nyingi za randa hizi zina hesi zisizopatikana kwenye maduka ya vifaa, si Tabora wala Kigoma. Gurudumu la shaba la kuteremsha kisu, kwenye randa nyingi za aina hii, lina hesi ya kushoto: linafunguka kwa kuzungushwa upande ambao skrubu ya kawaida inakazwa. Asiyelijua hilo hulilazimisha hadi akavunja uma unaosukuma kisu.

Sasa kutu. Pitisha kitambaa cheupe. Kikipata unga mwekundu, hiyo kutu bado inakula chuma na lazima itoke. Weusi uliogandamana, laini, usioacha alama umetulia, na ukishapakwa mafuta utabaki hivyo kwa miaka. Kwa mwili wa randa tumia stilwaya nyembamba na mafuta ya taa, ukisugua kufuata urefu, na usimame wekundu unapoisha. Usiendelee mpaka chuma kiwe cheupe, maana cheupe hicho ndicho kinachoshika kutu haraka zaidi. Siki nyeupe inafaa kwa vipande vidogo visivyo na rangi: viloweke saa 6 hadi 12, ukivitazama kila baada ya muda. Vikikaa kupita hapo vinakuwa vya kijivu na kukwaruza. Vioshe kwa maji yaliyotiwa magadi kidogo, vikaushe juani mara moja, vipake mafuta ya cherehani vingali na joto. Shaba iache na giza lake.

Uso wa chini ndio unaopoteza watu wengi. Hauhitaji kuwa tambarare kote. Unahitaji kugusa mbao mbele kabisa, kwenye ukingo ulio mbele ya mdomo, na nyuma kabisa. Bonde jembamba kati ya mdomo na nyuma halidhuru. Bonde kwenye ukingo wa mbele ya mdomo linadhuru, kwa sababu ukingo huo ndio unaokandamiza nyuzi kabla kisu hakijazing'oa. Pima kwa rula ya chuma iliyonyooka na kipande cha karatasi nyembamba: karatasi ikipita kwa uhuru chini ya rula hapo, kuna kazi.

Bandika msasa namba 80 juu ya kioo kinene kilicholala mezani bila kuyumba. Randa iwe imefungwa yote, kisu kimerudishwa ndani na kibanio kinachoshikilia kisu kimekazwa kama cha kazini, kwa sababu mkazo huo unakunja mwili kidogo na ukisugua bila huo utasugua umbo lisilo lake. Chora mistari ya kalamu uso mzima. Sukuma na kuvuta, mikono ikiwa chini, karibu na mdomo. Anayeshika juu kwenye mpini huibembeza randa na kuufanya uso uwe wa mviringo. Mistari ikifutika sehemu zile tatu, panda msasa 120, kisha 220, basi. Mashimo madogo ya kutu yanayobaki hayazuii kitu.

Kisu kinataka pande mbili. Mgongo uwe bapa milimita 10 za mwisho tu, usinyooshe urefu wote na kufuta muhuri wa kiwandani. Mshazari wa kisu, yaani uso uliochongwa kuelekea ncha, uwe nyuzi 25, kisha ncha yenyewe inolewe kwa 30. Huna kipimo cha nyuzi? Kwa 25, urefu wa mshazari ni unene wa kisu mara 2.4, kwa hiyo kisu cha milimita 2 kiwe na mshazari wa karibu milimita 4.7. Mashimo yakifika kwenye ncha, rudisha ncha nyuma kwa grainda, ukichovya kwenye maji kila sekunde chache. Rangi ya bluu ikitokea, chuma hapo kimepoteza ugumu na itabidi uikate sehemu hiyo yote.

Bati linalofungwa juu ya kisu ndilo linalodharauliwa, na ndilo linalofanya mninga uongozeke. Likiachia mwanga kati yake na kisu, maranda yanaingia hapo, yanajikunja na kuziba mdomo. Nyoosha ukingo wake wa chini kwenye jiwe mpaka usione mwanga. Kwa msindano liweke milimita 1 nyuma ya ncha. Kwa mninga ambao nyuzi zinageuka geuka, au mkora, lisogeze hadi karibu nusu milimita, na upunguze unene wa maranda.

Mpini unaocheza kwa kawaida si mbovu. Mti umesinyaa, fimbo ya chuma iliyo ndani ikawa ndefu kuliko mpini. Weka washa (kipete bapa cha chuma) nyembamba chini ya nati ya shaba, au punguza fimbo kwa tupa kwa milimita moja au mbili. Uliovunjika uunge kwa gundi ya epoksi na uuzungushie ukanda wa tyubu ya baiskeli kwa siku nzima. Usiupige msasa. Ufute kwa kitambaa chenye sabuni kidogo, ukauke, upake nta ya nyuki, ambayo Tabora si adimu. Ukichonga mpini mpya wa mninga kwa sababu wa zamani umeshindikana, utunze ule wa zamani pamoja na randa.

Jina au herufi zilizochongwa na mwenye randa wa zamani hazifutwi kwa sababu yoyote. Kwenye randa za mti mara nyingi ziko upande wa mbele, na hapo tupa na msasa visifike.

Kwa Kigoma, hasa karibu na maji huko Ujiji na Kibirizi, unyevu ni mwingi kuliko Tabora. Kila jioni futa jasho la mikono, pitisha kitambaa chenye mafuta ya cherehani kwenye chuma chote, uilaze randa kwa ubavu juu ya mbao kavu. Usiizungushie nailoni, kwa kuwa unyevu unanaswa ndani na kutu inarudi.