Kukagua majengo ya Kyoto kwa siku moja, kwa mtu wa Mombasa

Anza alfajiri na hekalu la Kiyomizu-dera, kabla watalii hawajajaa. Ukumbi mkuu ni wa 1633, na roshani yake imeinuka kama mita 13 bila misumari. Usiishie kupiga picha juu. Shuka chini utazame nguzo: mbao za mlalo zimepenyezwa kwenye matundu, kisha zikabanwa kwa kabari. Fundi wa majahazi wa Mji wa Kale angetaka kuinama achungulie.

Mchana nenda ngome ya Nijo, ya 1603, karibu rika moja na Fort Jesus iliyoanza 1593. Katika kasri la Ninomaru viatu huvuliwa, kama msikitini, kwa hiyo usivae vya kamba nyingi. Vaa soksi nzito. Wakati wa baridi mbao hugandisha miguu. Kanyaga taratibu usikilize sakafu ikilia kama ndege anayeimba: vibanio vya chuma chini ya mbao husuguana na misumari. Ndani hakuna ruhusa ya kupiga picha.

Kinkaku-ji, hekalu la dhahabu, ni zuri, lakini lilichomwa moto 1950 likajengwa upya 1955. Ukitaka ukale halisi, hekalu la kale la Sanjusangen-do lina sanamu 1,001 za Kannon, mtakatifu wa huruma wa Kibuddha.

Kosa la wengi ni kuchelewa: mahekalu mengi hufunga saa kumi na moja jioni. Fushimi Inari, hekalu la dini ya Shinto, haifungwi, iache mwisho. Beba yeni taslimu. M-Pesa haitakusaidia huko.