Jua Likivaa Pete: Jinsi ya Kuiona na Kuipiga Picha Ukiwa Nairobi

Mimi hupiga picha za anga kutoka juu ya paa la ploti yetu, pale panapoanikwa nguo. Pete ya jua, yaani duara la mwanga linalolizunguka jua, huonekana Nairobi mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Wengi tu hawainui macho. Fanya hivi.

Hatua ya 1. Yaache mawingu yaliyofura kama pamba. Tafuta utando mweupe, mwembamba, uliotanda juu sana, lakini kivuli chako bado kinaonekana chini. Utando huo uko zaidi ya kilomita 6 kutoka ardhini, nao umejaa fuwele za barafu zenye pande sita, hata siku ya joto. Hizo ndizo huiumba pete.

Hatua ya 2. Usilitazame jua! Miwani ya jua haitoshi. Simama mahali nguzo ya stima au ukingo wa paa umelikinga. Mjini, mnara wa KICC unafaa sana.

Hatua ya 3. Nyosha mkono, tanua vidole, gumba liwe pale jua lilipojificha. Kidole cha mwisho kikigusa pete, umeipata: shubiri moja ni kama digrii 22. Ukingo wake wa ndani ni mwekundu. Duara dogo lililolibana jua ni kitu kingine, kazi ya matone ya maji.

Hatua ya 4. Hapa usiharakishe. Kati ya saa tano u nusu na saa saba u nusu mchana, shuka shubiri mbili chini ya jua. Ukibahatika, utaona utepe mpana wa rangi zote, umelala sambamba na upeo wa macho, unang'aa kuliko pete yenyewe. Huletwa na fuwele bapa zinazoelea zikiwa zimelala kama sahani, na lazima jua lipande zaidi ya digrii 58. Kule Norwei halifiki hapo kamwe. Kwetu hufika kila siku ya mwaka, kwa hiyo kinachosubiriwa ni wingu tu. Nikiuona utepe huo huwa nawaita majirani wote watoke.

Hatua ya 5. Kwenye simu chagua lenzi pana, gusa sehemu ya wingu inayong'aa, kisha punguza mwangaza. Acha nguzo ibaki pichani.

Wingu likidumu hadi saa kumi na moja jioni, rudi. Tazama kulia na kushoto kwa jua, kimo kilekile, shubiri moja: huenda ukakuta mabaka mawili ya mwanga, kila moja likiwa jekundu upande wa jua.