Ulaya haijashuka: namna ya kusoma jedwali la mapato ya gemu kwa kanda

Kila ifikapo Mei, kampuni nyingi za gemu zikishatoa hesabu za mwaka, napata swali lilelile kutoka kwa watu ninaowaandikia uchambuzi: mbona Ulaya imeshuka? Au Asia, au Marekani. Mara nyingi hakuna kanda iliyoshuka. Kilichobadilika ni tarehe, sarafu, au mipaka ya kanda yenyewe. Jedwali la kanda linaonyesha mahali pesa zilipoandikwa, kwa sarafu gani na ndani ya kalenda ipi. Ukilisoma kama ramani ya mapenzi ya wachezaji, litakupoteza.

Kabla ya kugusa pesa, angalia siku hesabu zilipofungwa. Nintendo, Ubisoft, Take-Two na Electronic Arts (EA) hufunga mwaka mwishoni mwa Machi. CD Projekt ya Poland hufunga 31 Desemba, kama ilivyokuwa kwa Activision Blizzard kabla ya Microsoft kuinunua Oktoba 2023. Cyberpunk 2077 ilitoka 10 Desemba 2020, wiki tatu tu kabla ya CD Projekt kufunga hesabu. Mapato ya 2020 yakafika zloti bilioni 2.14 hivi, ya 2021 yakawa kama milioni 888. Ukiigawa miaka hiyo miwili kwa kanda, unaona dunia nzima imewapa mgongo. Kanda zote zikianguka pamoja, acha kutafuta sababu ndani ya kanda; fungua kalenda ya matoleo. Nintendo nayo: mwaka ulioishia Machi 2024 iliuza kwa yen bilioni 1,671.8, uliofuata bilioni 1,164.9. Mashine yake ya Switch ya kwanza ilikuwa imezeeka, na Switch 2 ilitoka 5 Juni 2025, hesabu zikiwa zimeshafungwa.

Jedwali lenyewe usilitafute kwenye kurasa za mbele za ripoti ya mwaka. Huko mkurugenzi mkuu anajisifu. Kwa kampuni za Marekani, fungua fomu ya 10-K (ripoti ya mwaka inayowasilishwa kwa mamlaka ya masoko ya hisa), nenda kwenye maelezo ya hesabu karibu na mwisho, au tafuta tu neno geographic. Nenda moja kwa moja kwenye hati iliyowasilishwa kwa mamlaka. Michoro ya rangi wanayoandaliwa wawekezaji mimi huiangalia mwisho kabisa, na kwa jicho la mashaka.

Ukishalipata, soma majina ya safu kwa makini. Take-Two hugawa dunia mara mbili: Marekani, halafu kwingine kote. Electronic Arts nayo hugawa mara mbili, ila upande mmoja ni Amerika Kaskazini. Maana yake Kanada iko nyumbani kwa mmoja na ugenini kwa mwingine. Kwa hiyo ukisema Take-Two hupata zaidi ya nusu Marekani, na EA hupata zaidi ya nusu nje ya Amerika Kaskazini, umesema kweli mbili zisizopimwa kwa kipimo kimoja. (Tofauti yenyewe ni ya kweli, hata hivyo. Gemu la mpira wa miguu la EA lina soko kubwa Ulaya, na hilo halihitaji mchambuzi.) Activision Blizzard iliweka Ulaya, Mashariki ya Kati na Afrika kwenye kapu moja. Anayetaka kujua Afrika ilichangia kiasi gani humo hatapata jibu, na akikuta makala inayompa asilimia kutoka kwenye jedwali hilo, aifunge.

Sasa sarafu, ambako ndiko wengi wanakoteleza. Chukua kampuni ya kufikirika ya Japani, inayouza Marekani bidhaa za dola bilioni 1 kila mwaka, bila kuongezeka wala kupungua. Katika mwaka ulioishia Machi 2022, dola moja ilikuwa wastani wa yen 112 hivi. Mwaka uliofuata wastani ulikuwa kama yen 135. Kwenye vitabu, mauzo hayohayo ya Marekani yametoka yen bilioni 112 hadi bilioni 135, yaani yamepanda kwa karibu asilimia 21. Hakuna kopi moja ya ziada iliyouzwa. Mwandishi mwenye haraka ataandika kwamba Wamarekani wamechangamkia gemu za Japani.

Dawa yake ni rahisi. Fungua Excel, weka mapato ya kanda kwa miaka miwili, na kando yake wastani wa kiwango cha kubadilisha fedha kwa kila mwaka. Nintendo huuandika wastani huo kwenye ripoti zake, kwa hiyo huna haja ya kubahatisha. Geuza miaka yote miwili kwa kiwango cha mwaka wa kwanza, kisha ndipo ulinganishe. Ubisoft hurahisisha zaidi, kwani hutaja yenyewe mabadiliko kwa viwango visivyobadilika. Kumbuka tu kwamba kanda si sarafu moja: ndani ya Ulaya kuna euro, pauni na zloti, kwa hiyo unachokipata ni makadirio, na uyaite hivyo.

Asilimia za mgao nazo zina ujanja wake. Tuseme Ulaya ilileta 30 kati ya 100, mwaka uliofuata ikaleta 27 kati ya 80. Mgao wake umepanda kutoka asilimia 30 hadi karibu 34, na pesa zake zimepungua kwa asilimia 10. Sijawahi kuandika mgao bila kuweka kiasi kando yake, na ripoti inayotoa mgao peke yake hunifanya nijiulize inaficha nini.

Angalia pia kama unasoma mapato (net revenue) au mauzo, yaani kiasi kilicholipwa katika kipindi hicho (net bookings). Mchezaji akilipia leo kitu cha mtandaoni, mhasibu anaweza kuingiza pesa hizo kwenye mapato kidogokidogo, miezi kadhaa. Ukichukua mauzo ya kanda moja na mapato ya nyingine, umechanganya nyakati mbili tofauti.

China ina habari yake. Mchapishaji wa nje kwa kawaida hupitia mshirika wa huko, kama Blizzard inavyopitia NetEase ya China, kwa hiyo kinachoingia kwenye vitabu vya mgeni huwa ni ada na sehemu ya mapato, wala si kila yuan aliyotoa mchezaji. Mkataba wa hao wawili ulipokwisha Januari 2023, gemu nyingi za Blizzard zilizimwa China, zikaanza kurudi 2024. Pengo kama hilo ni la mkataba. Usiliandike kama hamu ya wachezaji imepoa.

Na unapochukua takwimu za mwaka uliopita, zichukue kwenye safu yake ndani ya ripoti mpya. Kampuni hupanga upya kanda zao na kurekebisha takwimu za nyuma ziendane na mpangilio mpya. Ripoti ya zamani inabaki na mpangilio wa zamani, na tofauti utakayoipata kati ya hizo mbili haitakuwa imetoka sokoni.