Somo: Chuo cha serikali kikipangua uongozi wake, angalia vitu hivi

Wadau, kila muundo mpya wa chuo ukitangazwa watu wanakomaa na majina, mara kitivo kimekuwa ndaki (college), mara amidi (mkuu wa kitivo) kawa rasi (mkuu wa ndaki), halafu miaka inapita na mhadhiri bado anahangaika na sahihi zilezile kupata wino wa printa. Cha kufuatilia ni nani anateua na nani anasaini hela, basi. Natumia vyuo vya Tanzania maana ndo ninavyovijua.

Hatua ya 1: Anza na karatasi. Juu kuna Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005, hii ndo iliyoleta TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) na ikafanya kila chuo kiwe na Hati Idhini (charter) inayotolewa na Rais. Kama badiliko linagusa Hati Idhini, jua haliishii kwenye kikao cha menejimenti hata kama wameshachapisha chati na kubandika ukutani.

Hatua ya 2: Chora ngazi. Mkuu wa Chuo ndo anayetunuku digrii, Baraza la Chuo linashika hela, mali na watumishi, Seneti inashika masomo na mitihani, na bosi wa kila siku ni Makamu Mkuu wa Chuo.

Hatua ya 3: Usichanganye ndaki na chuo kishiriki, hapa ndo wengi wanapotea. Ndaki ipo ndani ya chuo, rasi wake anaishi kwa bajeti ya utawala mkuu. DUCE pale Chang'ombe na MUCE ya Iringa ni vishiriki vya UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) tangu 2005, wana bodi zao na hesabu zao ila digrii ni ya UDSM. Na kuwa chuo kishiriki mara nyingi ni njia ya kutokea mpaka kuwa chuo kamili: Muhimbili na Ardhi walikuwa chini ya UDSM mpaka 2007, Ushirika Moshi walikuwa chini ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) mpaka 2014, na SUA yenyewe ilikuwa kitivo cha UDSM kule Morogoro kabla ya 1984 (kwa hiyo Ushirika Moshi ni mjukuu wa UDSM).

Hatua ya 4: Chukua dokezo moja (barua ya ndani ya kuomba kibali). Tuseme idara inaomba masurufu (hela ya safari ya kazi) ya kupeleka wanafunzi field. Lifuate kutoka kwa mkuu wa idara mpaka hela itoke, hesabu sahihi, halafu hesabu tena kwenye muundo mpya. Zikiwa zilezile au zimeongezeka, hapo wamebadilisha vibao vya milangoni tu. Mi kipimo hiki nakiamini kuliko ripoti yoyote ya washauri.

Hatua ya 5: Kama chuo kinajitenga, uliza hati za viwanja zina jina la nani, madeni yanabaki kwa nani, watumishi wanahamaje, na ada italipwa kwa kontro namba (namba ya malipo) ya nani.

MASWALI

Swali: Mkuu, mimi nilimaliza Muhimbili kabla ya 2007, cheti kimeandikwa UDSM, nibadilishe?
Jibu: Hapana ndugu, digrii ulitunukiwa na UDSM na itabaki hivyo. Wa kuhangaika ni aliyekutwa katikati ya masomo, huyo asome vifungu vya mpito.

Swali: Kwa nini tusiunganishe vyuo kama Afrika Kusini badala ya kugawa?
Jibu: Wale walitoka taasisi 36 wakabaki na 23, ila walikuwa wanavunja mgawanyo wa ubaguzi wa rangi. Mfano Natal na Durban-Westville wakawa KwaZulu-Natal 2004, kampasi zikabaki kuwa nyingi na mishahara ya pande mbili ikabidi ilinganishwe. Sisi historia yetu ni ya kugawana toka Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kivunjwe 1970 zikatoka Dar, Nairobi na Makerere. Kuunganisha kunawezekana, ila usitegemee kuwe rahisi kwa bei siku za mwanzo.

Swali: Kaka, sisi wanafunzi tunaingilia wapi?
Jibu: Soma kwenye Hati Idhini ya chuo chenu sehemu ya wajumbe wa Baraza na Seneti, uone serikali ya wanafunzi ina viti vingapi. Kisha muulize rais wenu mara ya mwisho alipewa makabrasha ya kikao siku ngapi kabla.