SOMO: Umerisiti (umerudia mtihani wa) PCB, yaani Fizikia, Kemia na Baiolojia, sasa unaomba MD (shahada ya udaktari). Soma kwanza ndipo uulize

Wakuu, tangu matokeo ya fomu siksi yatoke nimeulizwa swali lilelile hadi nimechoka: "Aliyerisiti anaweza kusoma udaktari?" Anaweza. Mimi nilirisiti na sasa niko mwaka wa nne. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia uzi huu nikalale.

1. Jua unachorudia. MD inataka Fizikia, Kemia na Baiolojia. Vyuo vingi vimeweka kiwango cha chini D kwa kila somo, yaani pointi 6 (A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1). E ni ufaulu, ila hapa haikufikishi. Na hizo D tatu zinakuingiza kwenye foleni tu. Mbele yako wamesimama wenye A na B.

2. Jisajili Baraza la Mitihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Dirisha hufunguliwa Julai, ukilala unalipia faini. Namba rejea unaipata kwenye kituo utakachofanyia mtihani.

3. Chagua kituo chenye maabara inayofanya kazi, si kile kilicho karibu na kwa shangazi.

4. Soma. Mtihani ni Mei.

5. Pakua kitabu cha mwongozo cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) cha mwaka wako, si alichokuachia kaka yako. Tangu 2017 maombi yanakwenda chuoni moja kwa moja.

6. Namba za mtihani. Hapa ndipo nilipoangukia mimi.

Mara ya kwanza nilipata Baiolojia C, Kemia E, Fizikia S (alama iliyo chini ya E). Nikarisiti mbili tu: Kemia ikaja C, Fizikia D. Siku ya kuomba nikaenda steshenari, kijana akauliza, "Namba ya fomu siksi?" Nikamtajia ile mpya inayoanza na P, kwa kuwa ndiyo yenye matokeo mazuri, na niseme ukweli, ile ya shuleni inayoanza na S nilikuwa naionea aibu. Mfumo ukavuta masomo mawili. Baiolojia imebaki kule kwenye namba ya S. Mbele ya chuo nikawa mtu asiye na Baiolojia anayetaka kutibu watu. Vyuo vitatu, vyote vikanikataa, na sababu nilikuja kuijua dirisha likiwa limeshafungwa. Mwaka mzima nikauza chipsi kwenye kibanda cha mjomba, Mbagala, nikiwaona wenzangu wanapita na makoti meupe mkononi.

Kwa hiyo jaza namba ZOTE, ya S na ya P, kila moja na mwaka wake. Kama na fomu foo ulirisiti, vivyo hivyo. Kabla ya kutuma, weka kidole kwenye skrini uhesabu: Fizikia, Kemia, Baiolojia. Matatu. Ukiona nafasi ya namba ni moja tu, usibahatishe. Piga simu ofisi ya udahili ya chuo hicho.

Onyo jingine hapohapo: majina. Abdalah wa L moja na Abdallah wa L mbili ni watu wawili mbele ya mfumo. Shughulikia hilo mapema, si wiki ya mwisho.

7. Simu na barua pepe ziwe zako. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, namba ya kuthibitisha inakuja kwa SMS na siku za kuthibitisha ni chache. Namba ikiwa ya mwenye steshenari, na yeye kaenda msibani kwao, shauri yako.

8. Mkopo unaombwa Bodi ya Mikopo, kivyake. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo) mapema.

MASWALI

Kijana_wa_Makambako: Mkuu nina D mbili na E ya Fizikia, naweza kupata MD?
Jibu: Hatua ya 1.

Kijana_wa_Makambako: Nimeisoma ila sijaelewa, we niambie tu ndiyo au hapana.
Jibu: Hapana. Risiti Fizikia.

Mzee wa Data: Unapotosha watu. Mdogo wangu ana D tatu na amekosa. Pointi 6 zako ziko wapi?
Jibu: Nimeandika foleni, mkuu. Sikuandika kiti. Rudia sentensi mbili za mwisho za hatua ya 1 halafu tuendelee.

Shani22: Naomba unifanyie maombi, nitakulipa. Nakutumia na nywila.
Jibu: Usimtumie mtu nywila. Hata mimi.

Mama Junia: Kaka, mwanangu kachoka na risiti. Je, akipitia stashahada ya utabibu?
Jibu: Njia nzuri tu, dada yangu. Anasoma miaka mitatu, anatoka ofisa tabibu, na anaweza kuajiriwa wakati anajipanga. Kwa MD atahitaji wastani wa B au GPA 3.0, pamoja na angalau D za fomu foo katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Hisabati ndiyo inayowakwamisha wengi, kitazameni cheti cha fomu foo kabla ya kulipa ada.

Bureti: Mimi nasomea nyumbani. Praktiko najifunzaje?
Jibu: Swali zuri. Mimi niliongea na fundi maabara wa shule ya jirani, mkuu wa shule akaridhia, nikawa naingia Jumamosi. Kwenye taitresheni chuchumaa macho yawe usawa wa maji, usome sehemu ya chini kabisa ya mkunjo wa maji. Andika 24.50, si 24.5. Na toa faneli juu ya bureti kabla ya kusoma. Tone likidondoka baadaye, hesabu yote imeharibika.

Bureti: Asante. Na mie nilirisiti Kemia tu. Nimefungua fomu sasa hivi, nimehesabu kwa kidole kama ulivyosema. Linaonekana moja.
Jibu: USITUME. Rudi nyuma, tafuta pa kuongeza matokeo mengine, weka ya S na mwaka wake. Nipo.

Bureti: Yametokea matatu.
Jibu: Piga picha hiyo skrini uihifadhi. Sasa tuma.